Sheikh wa Trablus na Somo la Mageuko: Hoja Zetu Tulizitoa Wapi?

  

Likitajwa somo la mageuko ya viumbe katika shule za sekondari, majibu yanayosikika misikitini na katika darsa za vijana yanafanana sana. Husemwa kwamba hiyo ni nadharia tu. Kwamba hakuna hata kisukuku kimoja cha kiumbe cha mpito. Kwamba jicho haliwezi kujengeka kidogo kidogo. Wapo wanaokwenda mbali zaidi wakasema ardhi yenyewe haijatimiza miaka elfu kumi. Wengi wetu tunazichukua hoja hizi kuwa ni za Kiislamu, kana kwamba tumezirithi kwa maulamaa waliotutangulia. Tumezifuatilia nyuma hadi zilikotoka, na tumekuta kwamba nyingi hazikutoka kwa maulamaa. Walichosema maulamaa ni kitu kingine, nacho kimesahauliwa.

Tuanzie Beirut. Mwaka 1866 wamisionari wa Kimarekani walifungua huko Chuo cha Kiprotestanti cha Syria, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kimarekani cha Beirut. Julai 1882, miezi mitatu tu baada ya Darwin kufariki, mwalimu wa kemia na jiolojia wa chuo hicho, Edwin Lewis, alitoa hotuba ya mahafali kwa Kiarabu. Alizungumzia elimu na hekima, na ndani yake akamtaja Darwin kwa heshima. Hotuba ikachapishwa katika jarida la al-Muqtataf, na moto ukawaka. Wakuu wa chuo walikasirika, Lewis akalazimika kuondoka, wanafunzi wa utabibu wakagoma, na baadhi ya walimu wakajiuzulu kwa kumuunga mkono. Baadaye walimu wakatakiwa kutia saini tamko la imani ya Kiprotestanti. Miongoni mwa wanafunzi waliokihama chuo kwa ajili ya mgogoro huo alikuwamo Jurji Zaydan, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri Misri.

Msomaji aangalie ni nani waliogombana. Walikuwa wamisionari kwa wamisionari. Ugomvi mkubwa wa mwanzo katika nchi za Kiarabu juu ya kumtaja Darwin mbele ya wanafunzi ulizuka ndani ya nyumba ya Waprotestanti, na Waislamu wa mji walikuwa wakiutazama kwa nje. (Ajabu moja: kazi ya mwisho kabisa ya Darwin, iliyosomwa London siku moja kabla ya kufa kwake, ilikuwa ni dibaji fupi ya makala juu ya mbwa wa mitaani wa Beirut, iliyoandikwa na William Van Dyck, mwalimu wa chuo hicho hicho.)

Sheikh Husayn al-Jisr

Safari fupi kaskazini ya Beirut ni Trablus ya Sham, na huko alikuwapo Sheikh Husayn al-Jisr (1845–1909), Mwenyezi Mungu amrehemu. Alisoma al-Azhar, akarejea kwao, na akafungua madrasa iliyofundisha elimu za dini pamoja na hesabu, sayansi, Kituruki na Kifaransa. Alikuwa akiwaona vijana wa Kiislamu wakienda kwenye shule za wamisionari kutafuta elimu hizo, na hakuona kuwa dawa ni kuwakataza. Dawa aliyoiona ni kuzifundisha mwenyewe.

Mwaka 1888 (1306 Hijria) alitoa kitabu chake ar-Risala al-Hamidiyya, akakiita kwa jina la Sultani Abdulhamid wa Pili, na Sultani akamtunukia. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inajibu watu aliowaita Dahriyya, yaani wanaosema hakuna ila maada na wakati. Humo ndani aliichambua nadharia ya Darwin, na hapa tunaomba msomaji atulie kidogo.

Al-Jisr hakuanza kwa kuuliza kama Darwin amesema kweli au uongo. Aliuliza kwanza: sharia yetu inatulazimisha kuamini nini? Akajibu kwamba lililo wajibu kwa Muislamu ni kuamini kuwa Allah (S.W.) ndiye aliyeumba kila kitu. Ama kuwa aliumba kila aina ya mnyama kwa mara moja, au kwa hatua moja baada ya nyingine, vyote viwili viko ndani ya uwezo Wake, na yeyote kati ya hao wawili anabaki na Muumba wake. Kisha akaangalia nguvu ya matini. Dhahiri ya aya inaashiria kuumbwa kwa aina mbalimbali, na hasa kuumbwa kwa Adam (A.S.). Kanuni ya usuli, aliyoikuta kwa akina Imam al-Ghazali na Fakhruddin ar-Razi, inasema dhahiri haiachwi kwa sababu ya dhana. Lakini ikija hoja ya kukata, isiyo na shaka, basi matini ambayo maana yake si ya kukata hufanyiwa taawili, kwa sababu haki haipingani na haki. Kwa al-Jisr, ushahidi wa Darwin wa wakati ule ulikuwa bado ni dhana, kwa hiyo alibaki kwenye dhahiri. Ila mlango hakuufunga, na aliandika wazi ni nini kingeufungua.

Linganisha na Jamaluddin al-Afghani, aliyeandika kitabu cha kuwaraddi wanamaada huko Hyderabad mwaka 1881, ambacho Sheikh Muhammad Abduh alikitia katika Kiarabu. Al-Afghani alimfanyia Darwin kejeli: aliuliza, ikiwa viungo hupotea kwa kutotumika, mbona Mayahudi na Waarabu wametahiri watoto wao maelfu ya miaka na watoto bado huzaliwa na govi? Ni kejeli inayochekesha barazani, lakini si radd. Nadharia ya Darwin haisimami juu ya kukatwa viungo. Al-Afghani mwenyewe alilegeza maneno yake baadaye, lakini kejeli ndiyo iliyoenea, na njia ya al-Jisr ikabaki vitabuni.

Mmoja wa wanafunzi wa al-Jisr alikuwa Rashid Rida, aliyeanzisha al-Manar Cairo mwaka 1898. Al-Manar lilifika mwambao wetu. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alilisoma na kuathirika nalo, na mwaka 1932 akaanzisha gazeti la al-Islah. Kwa hiyo sheikh huyu wa Trablus si mgeni wa mbali. Yumo katika mnyororo wa walimu wa walimu wetu.

Hoja zilizovuka bahari

Sasa twende kwenye chanzo cha hoja tulizozitaja mwanzo. Mwaka 1925 jimbo la Tennessee, Marekani, lilitunga sheria ya kukataza kufundisha katika shule za serikali kwamba mwanadamu ametokana na wanyama. Mwalimu John Scopes akashitakiwa na kutozwa faini ya dola 100, hukumu iliyotenguliwa mwaka 1927 kwa kasoro ya utaratibu. Sheria za namna hiyo zilidumu hadi mwaka 1968, Mahakama Kuu ya nchi ilipoitangua ile ya Arkansas. Baada ya hapo wapinzani walibadili mbinu. Badala ya kuiondoa nadharia darasani, wakataka Biblia iingie kwa jina la sayansi. Msingi wao ulikuwa kitabu cha mwaka 1961 cha Whitcomb na Morris, kilichodai kuwa tabaka zote za miamba ni matokeo ya gharika ya Nuhu na kwamba ardhi ni changa. Henry Morris akaanzisha taasisi ya utafiti wa uumbaji huko California. Mahakama zikawakatalia tena mwaka 1987, na mwaka 2005 huko Dover, Pennsylvania, likakataliwa hata jina jipya la "usanifu wenye akili".

Uturuki ndiyo daraja. Katikati ya miaka ya 1980, Wizara ya Elimu ya Uturuki chini ya waziri Vehbi Dinçerler iliwasiliana na taasisi hiyo ya California. Vitabu vyake vikatafsiriwa Kituruki, na mwaka 1985 hoja za uumbaji zikaingizwa katika vitabu vya baiolojia vya sekondari. Kutoka hapo Adnan Oktar, anayejulikana kwa jina la Harun Yahya, aliyafanya hayo kuwa biashara ya dunia nzima. Kitabu chake kikubwa cha picha, Atlasi ya Uumbaji, kilitoka mwaka 2006, na mwaka 2007 kikamwagwa bure katika shule za Ufaransa na kwa wanasayansi wa Marekani. Vitabu vyake na kanda zake vilitafsiriwa kwa lugha nyingi, na vikasambaa misikitini kuliko kitabu chochote cha kalam.

Oktar aliiacha ile habari ya ardhi changa. Aliyoyachukua ni mengine: visukuku, jicho, viumbe visivyobadilika. Katika Atlasi hiyo, moja ya picha alizoziweka kuthibitisha kuwa wadudu hawajabadilika haikuwa ya mdudu. Ilikuwa chambo bandia cha kuvulia samaki, na ndoano yake inaonekana pichani. Mwenyewe baadaye alikamatwa mwaka 2018, na mwaka 2022 mahakama ya Istanbul ilimhukumu zaidi ya miaka elfu nane jela kwa makosa yakiwamo ya unyanyasaji wa kingono. Makosa ya mtu hayabatilishi hoja yake, hilo tunalijua. Tatizo letu ni kwamba hoja zilikuwa na ndoano tangu mwanzo, na sisi tulizimeza kwa sababu jalada lilikuwa na jina la Allah (S.W.).

Imam al-Ghazali (aliyefariki 505 Hijria) aliwahi kuonya juu ya watu waliotaka kuwapinga wanafalaki katika maelezo yao ya kupatwa kwa jua, wakidhani kuwa wanainusuru dini. Alieleza kwamba mwenye kujua hesabu hiyo hataitilia shaka hesabu. Ataitilia shaka dini. Kijana wa Kiislamu anayefundishwa kuwa imani yake inategemea kutokuwapo kwa visukuku vya mpito ataingia chuo kikuu, atavikuta, na hapo ndipo tutakapompoteza.

Kwetu

Afrika Mashariki haiwezi kulikwepa jambo hili, kwa sababu mifupa yenyewe imo ardhini mwetu. Fuvu alilolikuta Mary Leakey Olduvai mwaka 1959 liliitwa Zinjanthropus, kwa lile jina la Zanj ambalo Waarabu wa kale waliliita pwani hii. Muhtasari wa Historia wa Tanzania wa mwaka 2005 uliweka mada ya mageuko ya mwanadamu Kidato cha Kwanza, kwa hiyo mtoto wa Kiislamu alikutana nayo hata kabla ya kufika kwenye baiolojia ya juu. Kenya, mwaka 2006, Askofu Boniface Adoyo aliongoza makanisa ya kiinjili kupinga makumbusho ya Nairobi yasiupe nafasi ya mbele mfupa wa Kijana wa Turkana, uliogunduliwa na Kamoya Kimeu Nariokotome mwaka 1984, wenye umri wa karibu miaka milioni moja na nusu. Wapo Waislamu waliofurahia kampeni ile. Lakini askofu alikuwa na Biblia yenye orodha ya vizazi tangu Adam, ambayo watu huijumlisha wakapata umri wa ardhi. Qur'an haina hesabu hiyo. Inatuambia katika Surat al-Hajj (aya 47) na al-Maarij (aya 4) kuwa siku kwa Mola wetu si kama siku zetu.

Ni haki pia kusema kwamba dhana aliyoizungumzia al-Jisr mwaka 1888 si hali ya leo. Wakati ule kanuni za urithi za Mendel zilikuwa hazijulikani, wala muundo wa DNA, wala mifupa ya Turkana. Ushahidi wa kwamba ardhi ni ya kale mno na kwamba viumbe vimebadilika umekuwa mwingi na wa njia mbalimbali zinazokubaliana. Anayefuata usuli wa al-Jisr hawezi kujifanya kuwa bado tuko 1888.

Ama Adam (A.S.), huko matini ni nzito zaidi. Surat Aal Imran (aya 59) inamfananisha Isa (A.S.) na Adam katika kuumbwa kwake, na maulamaa wamelifahamu hilo kuwa Adam hakuwa na baba wala mama. Sheikh Nuh Keller aliandika mwaka 1995 kwamba mageuko ya viumbe vingine si shirki maadamu Allah ndiye mtendaji, lakini mwanadamu hayumo humo. David Solomon Jalajel mwaka 2009, na Shoaib Ahmed Malik mwaka 2021 kwa kurejea kwa al-Ghazali, wamekaa karibu na hapo: Adam ni muujiza uliothibiti kwa matini, na muujiza haupimwi kwa visukuku; kuhusu viumbe vingine matini imenyamaza. Sisi tunaiona kauli hii kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na usuli, na haimhitaji kijana kukanusha mfupa wowote ulioko makumbusho.

Limebaki suala linaloulizwa kila msimu wa mitihani: je, mwanafunzi akiandika jibu la mageuko kama alivyofundishwa, anatoka katika Uislamu? Hatoki. Mwenye kunukuu kauli si mwenye kuiitakidi, na hii ni kanuni inayojulikana kwa mafakihi. Qur'an yenyewe, katika Surat al-Jathiya (aya 24), inanukuu kauli ya Dahriyya kwamba hawaangamizwi ila na wakati, na anayeisoma aya hiyo katika sala analipwa thawabu. Maimamu wanaowaambia vijana waliache swali hilo tupu wanawanyima alama bila dalili yoyote ya sharia.

Lakini mwalimu akitoka kwenye mifupa na urithi, akasema kwamba kwa hiyo hakuna Muumba, hapo ameshaliacha somo lake. Hakuna kisukuku kinachosema hivyo wala maabara inayopima hivyo. Mwanafunzi ana haki ya kunyanyua mkono na kumuuliza, kwa adabu, ni jaribio gani lililomfikisha huko.