Aina mpya ya data tuiite nani: saa, muda au wakati?

Leo historia kidogo: majina ya aina za data za wakati kwenye hifadhidata.

Tuanzie hapa Tiwi. Anayekwenda Africa Pool, lile dimbwi la mwambani, lazima ajue maji yanakupwa lini. Sasa mtu akijaza "saa 3" kwenye programu, ni ipi? Mswahili amemaanisha saa tatu asubuhi, yaani 09:00. Kompyuta imesoma 03:00. Tofauti ni saa sita, na maji kutoka kupwa hadi kujaa huchukua saa sita na dakika chache. Maji kupwa yamegeuka maji kujaa, na mtu yuko mwambani!

Kiwango cha SQL cha 1992 kilikuwa na DATE, TIME, TIMESTAMP na INTERVAL. Kwetu ni tarehe, saa, wakati na muda. Safi kabisa. Vurugu ni za watengenezaji.

SQL Server ya Microsoft ilikuwa na timestamp isiyo na wakati wowote ndani. Ni namba ya baiti 8 inayopanda kila rekodi ikiingizwa au ikibadilishwa. Toleo la 2000 likaleta jina la kweli, rowversion, na sasa Microsoft inashauri lile la zamani liachwe.

TIME ya MySQL inapokea hadi 838:59:59. Hiyo si saa ya siku tena, ni muda.

PostgreSQL nayo ina "timestamp with time zone", lakini haihifadhi ukanda wa saa uliouandika. Inageuza kuwa UTC, basi. Kabla ya toleo 7.3 la 2002, timestamp peke yake ilimaanisha hiyo hiyo. Kisha ikabadilishwa kufuata kiwango, ikawa haina ukanda. Jina lile lile, maana nyingine.

SQL Server 2008 ilileta datetimeoffset: jina refu, ila linasema ukweli, tarehe, saa na tofauti na UTC, kama +03:00 yetu. Toleo hilo hilo likaleta datetime2. Mbili ya nini?

Kwa hiyo ukitunga aina yako kwa CREATE TYPE, usiiite "saa" tu. Iite saa_ya_kiswahili, iwe na namba na sehemu ya siku. Atakayerithi kodi yako atajua kuwa 3 ya asubuhi ni 09:00 na 3 ya usiku ni 21:00, bila kukupigia simu.

Tukutane tena, saa yoyote.