Siwa ya Mwana Darini

Mtu ashukaye chomboni katika gati ya Lamu hana mwendo mrefu wa kulifikia jumba la makumbusho, kwani lipo papo hapo usoni pa bahari, limekabili kisiwa cha Manda ng'ambo ya mkondo; na zamani lilikuwa maskani ya maofisa wa serikali ya Kiingereza, kabla ya kugeuzwa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kuwa hazina ya athari za Waswahili wenyewe. Ndani yake mna vitu ambavyo kila kimoja chastahiki siku nzima ya kutazamwa: vielezo vya mitepe, vyombo vile vilivyoshonwa kwa kamba za kumbi pasi na msumari hata mmoja; viti vya enzi vilivyotiwa pembe; na sahani za Kichina ambazo waungwana walizipanga katika zidaka za kuta zao, ili mgeni aingiapo atambue kwamba bahari imemjua mwenye nyumba. Mimi vyote hivyo nilivipita upesi, kwa kuwa tangu utotoni nilikuwa nikilisikia jina la siwa, na nilitaka kuiona kwa macho yangu.

Siwa ya mji wa Pate ni baragumu ya pembe ya ndovu, iliyochongwa mwishoni mwa karne ya 17, na urefu wake wapita mita 2, hata mtu mrefu akisimama kando yake huonekana mfupi. Pembe yenyewe, kwa umri, imeacha weupe wake na kushika rangi ya samli. Nakshi zake zimesukwa kama ukili, mstari ukipita juu ya mwenzake na kurudi chini yake, na jicho likijaribu kuufuata mmoja hadi mwisho hupotea, likalazimika kuanza upya. Tundu la kupulizia haliko nchani, kama lilivyo katika tarumbeta za Wazungu, bali liko ubavuni. Na hilo ndilo lililonishika zaidi kuliko nakshi zote, kwa sababu nakshi ni kazi ya fundi peke yake, bali tundu limeguswa na midomo ya watu.

Kwamba baragumu za namna hii ni za kale katika pwani yetu, hilo halina shaka. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, mmoja wa watu wake aliandika katika khabari za safari ile kwamba mfalme wa mji alitokea pamoja na wapiga baragumu, na kwamba mbili kati ya baragumu hizo zilikuwa za pembe, zimetiwa nakshi, kimo chake kama mtu, nazo zilipulizwa kwa tundu la ubavuni. Mreno yule alisifu sauti yake tu. Hakutaja kwamba katika miji yetu siwa haikuwa ala ya ngoma kama ala nyinginezo, bali ilikuwa ni ushahidi wa mamlaka. Ilipolia katika harusi au katika jando la mtoto wa nyumba fulani, mji mzima ulisikia kwamba nyumba ile ni ya watu wa jaha, na kwamba mwenye mji ameridhia. Na nyumba iliyofanya sherehe yake pasi na siwa, hata ingechinja ng'ombe wangapi, ilikuwa imekwisha kutajwa daraja yake.

Kwa hiyo kunyimwa siwa halikuwa jambo dogo. Khabari za Pate, zilizohifadhiwa vifuani mwa wazee hata zikaandikwa, zasimulia juu ya bibi mmoja wa nasaba ya kifalme, jina lake Mwana Darini, ambaye alipotaka kumtahiri mwanawe aliomba siwa akanyimwa. Wengi wangelia wakanyamaza, au wangeahirisha jando hata upepo wa siasa ugeuke. Yeye alimwita sharifu mmoja aliyekuwa stadi wa kuchonga, ndiye Mwenyi Bayayi, akamtaka amtengenezee siwa yake mwenyewe, ya pembe. Nami kila niifikiripo hadithi hii hustaajabia akili ya bibi yule kuliko mkono wa fundi: kwani hakuipinga desturi, wala hakusema kwamba siwa si kitu, aliitukuza siwa kuliko waliomnyima, kisha akaichukua fakhari ile kwa njia ambayo hapana awezaye kuiita uasi. Aliyesimama mbele ya pembe ile, akaona saburi iliyotumika katika kila kidole cha nakshi, hawezi kuamini kwamba ilifanywa kwa ajili ya sherehe ya siku chache tu.

Lamu nayo ilikuwa na siwa yake, ya shaba, nayo imehifadhiwa katika jumba lilo hilo. Hiyo ni kazi ya moto: hufanywa kwanza sura ya nta, ikafunikwa udongo, nta ikayeyushwa ikatoka, na shaba ikamiminwa mahali pake, kisha udongo ukavunjwa, maana yake kalibu moja huzaa chombo kimoja tu, na fundi akikosea hana budi kuanza tena tangu nta. Mwaka 1976 James de Vere Allen, ambaye ndiye aliyekuwa mwangalizi wa kwanza wa makumbusho hayo, alitoa makala juu ya siwa hizi mbili, na tangu hapo wataalamu wa mbali hawana udhuru wa kutozijua.

Leo zinakaa chini ya dari moja, siwa ya Pate na siwa ya Lamu, ilhali miji yenyewe ilikuwa mahasimu. Na watu wa Pate walipokuja pamoja na Wamazrui, watawala wa Mombasa, kuivamia Lamu, yapata mwaka 1812, walivunjwa katika mchanga wa Shela, wala nguvu ya Pate haikurudi tena. Siwa iliyokuwa haiazimwi ila kwa idhini, sasa hutazamwa na kila mtu alipaye kiingilio mlangoni. Mtoto wa mvuvi na mtoto wa sharifu husimama bega kwa bega mbele yake, na hilo naliona kuwa jema bila ya kusita. Lakini nilikaa mbele yake muda mrefu, nikajaribu kuikisia sauti yake, nisiweze. Wachoraji waweza kuinakili nakshi, na wapiga picha waweza kuichukua sura; sauti ilikuwa mali ya pumzi ya mpulizaji, nayo ilikwenda naye.

Siku ya pili nilipanda mashua kwenda Pate, tukangoja maji yajae ndipo tupite mkondo wa Mkanda, kwani maji yakipwa hapapitiki. Magofu ya mji ule mkubwa yamo ndani ya mashamba ya tumbako. Majani mapana yamesogea hata kwenye mawe ya matumbawe, na katika ukuta mmoja, juu ya miche, zingalipo zidaka za chokaa, safu juu ya safu, tupu. Mzee aliyekuwa akipalilia aliinua kichwa, akanijibu salamu, akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia nimetoka Lamu, kuiona siwa. "Ile ni yetu, mwanangu," akasema, akaendelea na jembe lake.