BUSHIRI ALIPOIGEUKIA MPWAPWA



Ndugu yangu, wengi tunamjua Bushiri bin Salim al-Harthi kwa Pangani na Bagamoyo. Je, unajua kwamba vita vyake vilifika mpaka huku kwetu, Mpwapwa, mlangoni mwa Ugogo?

Chanzo ni mkataba wa Aprili 1888. Sultani Khalifa bin Said aliikodisha pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Agosti mwaka huo, mwakilishi wake wa Pangani, Emil von Zelewski, akapandisha bendera ya Kampuni na kuingia msikitini na mbwa. Watu wakasimama. Mwaka ulipokwisha, Kampuni ilibaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu.

Tarehe 8 Mei 1889, Hermann Wissmann akaivunja ngome ya Bushiri karibu na Bagamoyo. Ungesema yamekwisha. Kumbe! Bushiri akapanda bara, na mwezi Juni akakishambulia kituo cha Kampuni hapa Mpwapwa, kwenye njia ya misafara ya Tabora na Ujiji. Mjerumani Nielsen akauawa, mwenzake Giese akatoroka.

Sasa tafakari nami mambo mawili.

Kwanza: askari wengi wa Wissmann walikuwa Wasudani walioajiriwa Misri, Waislamu wenzake Bushiri. Mshahara ndio uliowaweka upande ule. Usidhani jina la Kiislamu peke yake linatosha kumweka mtu upande wa haki.

Pili, na hili ndilo zito: Bushiri alirudi kuelekea pwani na wapiganaji wa kabila la Wambunga, walioitwa Mafiti. Hao wakapora na kuchoma vijiji vya Uzaramo. Mkulima aliyechomewa nyumba na chakula chake, utamwambiaje kwamba wewe ndiye mtetezi wake? Oktoba wakashindwa Yombo. Bushiri akabaki mkimbizi, wenyeji wakamkamata na kumkabidhi, na tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa Pangani.

Ushujaa wake hatuukatai. Lakini kudhulumiwa hakukupi ruhusa ya kumdhulumu asiye na hatia. Ukidai haki yako leo, kazini, kwenye shamba la mirathi au kwenye uongozi wa msikiti, angalia unayemkanyaga njiani.

Allah atujaalie uadilifu tukiwa na hasira na tukiwa na furaha. Aamin.

Mfikishie na mwenzako.