Moto Guzzi ya zamani: kabla ya kufungua, pima

Mtu wa Bukavu, Goma ama Butembo akisikia neno moto, anawaza TVS, Boxer ama Haojue: silendri moja, sheni nyuma, na mekanisie kwenye kila kona ya njia. Italia haimjii kichwani. Na kumbe hata Boxer iko na ujamaa na Italia, juu Bajaj, kampuni ya India inayoitengeneza, katika miaka ya 1960 ilikuwa ikiunda Vespa kwa leseni ya Piaggio.

Leo tunazungumzia moto ingine ya Waitalia, kubwa zaidi, ambayo huko Ulaya watu wanaitunza kama ng'ombe wa ukoo: Moto Guzzi ya miaka ya 1970. Ndugu zetu walio Ubelgiji ama Italia wanaweza kukutana nayo sokoni. Na mekanisie wa huku atatambua kazi nyingi humu, hata kama moto yenyewe hajawahi kuigusa. Tumechagua aina moja ili tusichanganye mambo: 850 T3, iliyotoka mwaka 1975.

Kampuni ilianzishwa mwaka 1921 na Carlo Guzzi na Giorgio Parodi. Kiwanda kiko Mandello del Lario, kando ya ziwa Como, kaskazini mwa Italia. Mwaka 1967 walianza kuuza V7, yenye moteri iliyochorwa na Giulio Cesare Carcano: silendri mbili zenye umbo la V, ukubwa wa 703 cc. Silendri hazikupangwa moja mbele na ingine nyuma. Zimetokeza kushoto na kulia, kila moja inapigwa na hewa yake. Nguvu inafika kwenye tairi la nyuma kwa kardani, hakuna sheni. Polisi wa Italia waliipanda, na wa Los Angeles pia. T3 ni mtoto wa moteri hiyo, imekuzwa mpaka 844 cc.

Umbo hilo ndilo linampa mtu wa kawaida nafasi ya kuitengeneza mwenyewe. Kichwa cha silendri kiko mbele ya goti lako. Ukitoa kifuniko, supapi ziko pale, haina haja ya kuondoa tanki wala kulala chini.

Tutoe kwanza wasiwasi mbili. Ukiwa umesimama ukapiga gazi, moto inainama upande wa kulia: ni kawaida, juu mti wa moteri umelala kutoka mbele kwenda nyuma, na ukizunguka kwa ghafla unasukuma mwili mzima upande. Na kwenye ralanti utasikia kelele kama ya vyuma vinavyogongana taratibu nyuma ya moteri. Ni ambreyaji yake, ambayo ni kavu, haiogi kwenye mafuta kama ile ya Boxer. Watu wamefungua bwati nzima juu ya kelele ile, bure.

Ugonjwa unaojificha ndani ya silendri

Silendri za T3 ni za alimini, na ndani zimepakwa krome ngumu, pistoni inatembea juu yake. Kwa wakati ule ilikuwa kazi nzuri. Lakini moto ikilala miaka kumi kwenye gala, unyevu unaingia, unapita chini ya krome, na krome inaanza kubanduka kama rangi ya ukuta uliolowana. Vipande vile ni vigumu sana. Vinaanguka kwenye mafuta, vinakula segma, vinakwaruza pistoni, vinafika mpaka kwenye kusineti za mti wa moteri.

Hatari yake ni kwamba moto itawaka vizuri na itakwenda vizuri. Kilomita chache kwenye kompteri hazithibitishi kitu. Tena moto iliyotembea kidogo sana ndiyo ya kuogopa, maana yake imelala. Kiwanda chenyewe baadaye kiliachana na krome na kutumia Nigusil, ngozi ya nikeli yenye chembe ngumu ndani.

Basi, kabla ya kulipa, toa buji zote mbili. Ingiza taa ndogo ama kamera ya waya, zungusha moteri kwa mkono pistoni ishuke, uangalie ukuta wa silendri. Inapaswa kung'aa sawasawa. Ukiona madoa ya kijivu yenye ukingo, kama ramani, krome imeanza kwenda. Muuzaji akikataa usitoe buji, jibu umeshalipata.

Ukishakuwa nayo, vidanji ya kwanza ifanye kwa kufungua karteri ya chini. Kwa T3 huna njia ingine kama unataka kubadilisha filtre ya mafuta, juu waliiweka ndani ya karteri, nyuma ya vite 14. Ni usumbufu, lakini unakuonyesha kilicholala chini. Matope laini ya kijivu si ajabu kwa moteri ya miaka 50. Vipande bapa vinavyong'aa ni habari mbaya, na usitegemee sumaku ikuokotee: haishiki krome. Ukivikuta, usiwashe tena hiyo moteri. Silendri ya krome haichongwi ili kutia pistoni ya saizi kubwa, kama tunavyozoea huku. Inabadilishwa pamoja na pistoni yake. Bahati nzuri, seti mpya zingali zinatengenezwa na Gilardoni, kampuni ya Mandello kulekule. Bei yake si ndogo, na inafaa iingie kwenye hesabu wakati wa kupatana na muuzaji.

Filtre mpya ikishafungwa, wenye uzoefu wanaikaza kwa kola ya chuma, maana ikijifungua ndani ya karteri hutaiona. Moteri inakunywa litre 3 za mafuta, bwati 0.75, na kardani ya nyuma 0.25 tu, ikiwa imechanganywa na molibdeni kidogo.

Umeme: lawama nyingi, kosa dogo

Wenye moto wa Ulaya wana mzaha kuhusu umeme wa Waitalia. Kwa T3 mzaha huo una uonevu: alternateri na regilateri yake ni Bosch, ya Wajerumani. Kinachosumbua ni umri, yaani fizibu za zamani zenye umbo la risasi ndogo ambazo ncha zake zinaota kutu ya kijani, waya za masi zilizolegea, na kontakti iliyochoka. Kabla ya kununua hata piesi moja, toa kila fizibu, sugua ncha na makao yake. Fungua waya ya masi ya batri na ile ya moteri, safisha chuma mpaka king'ae, kaza tena. Magonjwa mengi yanakwisha hapo.

Kama batri inaendelea kufa, tumia taa nyekundu ya chaji. Wengi hawajui kama taa ile si ya kuonyesha tu: umeme unaopita ndani yake ndio unaoamsha rota ya alternateri. Ampuli ikiungua, alternateri inaweza kubaki imelala hata ikiwa nzima.

Funga kontakti bila kuwasha moteri. Taa lazima iwake. Isipowaka, ama ampuli imekufa, ama sharboni za alternateri hazigusi, ama waya wa rota umekatika. Badilisha ampuli, ndiyo rahisi kuliko zote. Bado? Fungua kifuniko cha mbele cha moteri, pima kwa multimetri kati ya pete mbili za shaba za rota. Inapaswa kusoma omu kama 3 na nusu. Ikionyesha hakuna njia kabisa, waya umekatika ndani. Pima pia kati ya pete na chuma cha mti: hapo haipaswi kupita kitu. Kuna rota inayopima vizuri ikiwa baridi, ikipata moto inakatika, kwa hiyo rudia kipimo baada ya safari.

Taa ikiwaka lakini haizimiki ukipandisha mizunguko, pima batri. Moteri ikiwa imezimwa, batri nzima inasoma karibu volti 12.6. Kwa mizunguko 3000 inafaa kufika 13.8 mpaka 14.2. Ikibaki chini, unganisha kwa sekunde chache tu waya za D+ na DF kwenye regilateri. Volti zikipanda, alternateri ni nzima na regilateri ndiyo mgonjwa, ama mwili wa regilateri hauna masi nzuri. Zisipopanda, rudi kwenye alternateri: rota, sharboni ama diodi. Minuti 20 za kupima zinaokoa pesa ya piesi tatu zisizo na kosa. Ila jua pia kwamba alternateri ile haina nguvu nyingi, na kwenye ralanti karibu haichaji. Kutembea polepole mjini huku taa kubwa inawaka kutaimaliza batri pole pole, bila ugonjwa wowote.

Karbiratere inakuja mwisho

Moto ikitetemeka ama ikikohoa, mkono wa mtu unakimbilia vite za karbiratere. Kwa moto yenye silendri mbili ni kujipotezea siku. Karbiratere mbili za Dell'Orto haziwezi kulingana kama silendri zenyewe hazijalingana.

Supapi kwanza, moteri ikiwa baridi kabisa: 0.22 milimita, za kuingiza na za kutoa. Halafu platine. Kuna seti mbili, moja kwa kila silendri, nafasi yake karibu 0.4 milimita. Kisha saa ya moto wa buji. Kwenye tundu la pembeni utaona alama za volani: D ni destro, kulia, S ni sinistro, kushoto. Kila upande unapangwa na platine yake, na mtu akichanganya herufi hizo mbili atahangaika mpaka jioni. Hapo ndipo unafika kwenye karbiratere, unasafisha jikleri, unahakikisha hewa haipiti kwenye viungo vyake na kichwa cha silendri, unasawazisha kabo za gazi zivute pamoja. Esansi ya Ulaya siku hizi ina alkoholi, inavuta maji na kuharibu mipira ya zamani. Moto ikienda kulala wakati wa baridi, wengi wanamwaga esansi ya karbiratere.

Kuhusu freni, mtu anayeinunua bila kuambiwa anaweza kujiumiza. T3 inaunganisha freni: pedali ya mguu inakamata disiki ya nyuma pamoja na disiki moja ya mbele, ya kushoto. Mkono unakamata ile ya kulia peke yake. Aliyezoea freni za kawaida atakamata mkono na kushangaa moto inasimama kwa uzito. Disiki ni za chuma cha kumwaga, zinaota kutu zikilala, na hiyo inatoka kwa kutembea. Mipira ya freni ndiyo ya kubadilisha bila kubishana kama ni ya zamani: inavimba kwa ndani, mafuta yanaenda lakini hayarudi, na plaketi zinabaki zimekamata mpaka disiki inachemka. Ukitoa hewa, anza na mkono, ndiyo njia fupi. Ile ya mguu ina bomba refu la mbele na nyuma, itakula chupa nzima ya mafuta ya freni na nusu ya mchana, na mtu wa pili wa kukanyaga pedali.