Minneapolis hadi Nairobi: Kwa Nini Tunapitia Amsterdam?

Sisi tunaojifunza Kiswahili hapa Minneapolis na Saint Paul huulizwa mara kwa mara: Nairobi ni mbali kiasi gani? Kwa njia fupi kuliko zote angani ni takriban kilomita 13,100. Hakuna ndege ya moja kwa moja. Kwa miaka mingi Wakenya na Wasomali wa Minnesota wameizoea njia ya Amsterdam.

Njia hiyo si ya kuzunguka, kama mtu anavyoweza kudhani. Minneapolis hadi Amsterdam ni kama kilomita 6,680, na Amsterdam hadi Nairobi ni karibu zilezile. Ziada ni kilomita 200 hivi tu. Lakini London na Paris nazo ziko karibu na mstari huohuo. Basi kwa nini Amsterdam?

Jibu limo katika mikataba. Northwest, kampuni ya ndege ya hapa Minnesota, ilianza mwaka 1926 kwa kubeba barua kati ya miji yetu na Chicago. Mwaka 1989 KLM ya Uholanzi ilinunua sehemu ya hisa zake. Mwaka 1992 Marekani na Uholanzi zilikubaliana kufunguliana anga, na mwaka uliofuata kampuni hizo mbili zikaruhusiwa kuendesha biashara kwa pamoja. Kisha mwaka 1996, Kenya ilipobinafsisha Kenya Airways, KLM ikanunua asilimia 26. Hivyo Amsterdam ikaunganisha Minneapolis na Nairobi.

Miaka hiyohiyo, baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, wakimbizi walianza kufika Minnesota, wengi wao kupitia kambi za Kenya kama Dadaab. Northwest iliungana na Delta mwaka 2008 na jina lake likatoweka, lakini safari ya Minneapolis–Amsterdam ipo hadi leo.

Na muda je? Tuchukue mfano wa majira ya joto. Msafiri anaondoka Jumatatu saa tisa alasiri. Baada ya saa nane angani anatua Amsterdam Jumanne saa kumi na mbili asubuhi. Anasubiri hadi saa sita mchana, anaruka tena saa nane, na kufika Nairobi saa tatu usiku. Amesafiri saa 22, ingawa kwa saa ya ukutani zimepita 30, kwa kuwa Nairobi imetangulia kwa saa nane.

Hesabu hii huuma zaidi wakati wa msiba. Mazishi ya Kiislamu hayacheleweshwi; mara nyingi maiti huzikwa siku ileile. Aliyepigiwa simu asubuhi hapa, hata akipata tiketi ya mchana huohuo, atafika kaburi limeshafukiwa. Mikataba ilitupatia njia iliyo karibu kunyooka kabisa, lakini kwa mfiwa bado haitoshi.