Ufagio wa Simu

Kwa Kiingereza programu hizi zilianza na jina la kutisha: ziliitwa wauaji. Mwaka 2009 na 2010, mtu akinunua simu ya Android, ushauri wa mwanzo aliopewa na waliomtangulia ulikuwa apakue kitu kama Advanced Task Killer, atazame orodha ya kila kinachoendelea ndani ya simu yake, kisha aviue vyote kwa kubonyeza mara moja. Miaka michache baadaye wauaji walivua magwanda wakavaa aproni. Zikaja alama za ufagio na roketi, na asilimia zinazopanda huku kioo kikikupongeza.

Mandawa jina la kwanza halikufika. (Nasema Mandawa ya Ruangwa, kwenye ufuta na korosho, siyo ile ya Kilwa ambayo wanajiolojia wamelipa bonde zima jina lake.) Lililofika ni la pili, nalo lilikuta Kiswahili kimeshaliandalia kiti. "Subiri, simu imejaa, niisafishe kwanza." Nimelisikia kwa wanafunzi wa sekondari, kwa waendesha bodaboda, na kwa wazee ambao simu janja yao ya kwanza ilikuwa ile waliyoachiwa na mtoto aliyepata mpya. Neno kusafisha halibishaniwi. Nani atamwambia mwenzake asifagie?

Mimi ni mwanafunzi wa historia, si fundi simu, na swali la kama programu hizi zinasaidia chaji limejibiwa na mafundi zamani: karibu mara zote hazisaidii, na mara nyingi zinadhuru. Kinachonivutia ni jinsi jibu hilo lilivyojulikana tangu mwaka 2010 na bado ufagio ukazidi kuenea, mpaka ukaingia ndani ya simu yenyewe kabla haijatoka kiwandani.

Lazima nianze kwa kuwatetea waliofagia, kwa sababu kulikuwa na wakati walikuwa sahihi. Kwenye simu za Nokia zenye mfumo wa Symbian, ukishikilia kitufe cha menyu uliona programu zilizo wazi, na usipozifunga zilibaki wazi. Nokia N95 ya mwaka 2007, iliyokuwa simu ya matajiri, ilikuwa na RAM ya MB 64 tu, na sehemu kubwa ililiwa na mfumo wenyewe. Ukifungua kamera na ramani pamoja, simu ilikuambia kumbukumbu imekwisha. Simu za Windows Mobile zilikuwa na kichekesho chao: ukibonyeza alama ya kufunga, programu ilijificha tu nyuma ya pazia, ikaendelea kukalia nafasi. Na kwenye kompyuta kila mmoja wetu alishafundishwa na mtu kubonyeza vile vitufe vitatu ili kumwondoa mkorofi. Kwa hiyo maarifa ya kufunga programu hayakuwa ushirikina. Yalikuwa uzoefu halali wa mashine za kizazi kimoja, na watu waliyahamishia kwenye mashine ya kizazi kingine iliyofanana na ya kwanza kwa sura tu.

Simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, ilianza kuuzwa Marekani Oktoba 2008. Ilikuwa na RAM ya MB 192, na waliounda mfumo wake waliamua jambo ambalo halikuzoeleka: mtumiaji asifunge chochote. Ukiiacha programu moja na kwenda nyingine, ile ya kwanza inasimama. Inabaki kwenye RAM lakini kwa kawaida haifanyi kazi, ikisubiri kama utarudi. Nafasi ikipungua, mfumo wenyewe unachagua zile zisizo na umuhimu kwa wakati huo na kuziondoa, kimyakimya, bila kukuomba ruhusa. Muuaji alikuwamo tangu siku ya kwanza, ila alikuwa muuaji mwenye utaratibu.

Hapa ndipo hesabu ya chaji inapopotea kwa wengi. RAM inakula umeme karibu uleule ikiwa tupu au imejaa, kama taa ya ukumbi isiyojali wamekaa watu kumi au hakuna mtu. Kinachomaliza betri ni kazi: prosesa inapokokotoa, kioo kinapowaka, antena inapozungumza na mnara. Programu iliyolala kwenye RAM haifanyi hata moja ya hizo. Ukiiua na baada ya dakika kumi ukaihitaji, simu italazimika kuisoma upya kutoka kwenye hifadhi, kuipanga, na kuirudisha ulipoiacha, na hiyo ndiyo kazi. Kwa mtu aliyekulia kusini mfano ni rahisi: umemwaga maji safi ili ndoo ionekane tupu, kisha unarudi kisimani.

Kulikuwa na ubaya zaidi. Baadhi ya programu huacha sehemu inayotakiwa kubaki hai, na mfumo umeagizwa kuifufua ikifa. Muuaji anaiua, mfumo unaifufua, muuaji aliyewekwa kufanya kazi kila baada ya muda anaiua tena. Mchezo huo ukichezwa kutwa nzima mfukoni, ndiyo chaji unayoitafuta. Aprili 2010 Dianne Hackborn, mmoja wa wahandisi wa Android, aliandika maelezo marefu ya hadharani kuhusu jinsi mfumo unavyoendesha programu nyingi kwa pamoja, na toleo la 2.2 lililofuata Mei mwaka huohuo liliwapunguzia wauaji nguvu: wakabaki na uwezo wa kuondoa vilivyolala tu. Kabla ya hapo, toleo la 1.6 la mwaka 2009 lilishaleta ukurasa unaoonyesha ni nini hasa kinachokula betri. Yaani ndani ya miaka miwili tangu simu ya kwanza, dawa ilikuwapo, maelezo yalikuwapo na kipimo kilikuwapo.

Na bado. Miaka sita baadaye, Machi 2016, mteja mmoja wa Apple aliandika barua pepe kuuliza kama bosi wa kampuni hufunga programu zake na kama kufanya hivyo kunaokoa betri. Craig Federighi, anayesimamia programu za Apple, alijibu kwa ufupi wa kuudhi kwamba jibu la maswali yote mawili ni hapana. Habari ikazunguka dunia, na watu wakaendelea kutelezesha vidole kama kawaida. Nafikiri sababu mojawapo ni kwamba ukweli wa wahandisi unakutaka ukae na kutofanya lolote, na mtu mwenye asilimia 12 za chaji saa tisa alasiri hataki kuambiwa akae.

Afrika Mashariki ilikuwa na sababu za ziada. Simu iliyofungua mlango huku ilikuwa Huawei Ideos, ambayo Safaricom iliiuza Kenya kuanzia mwishoni mwa 2010 na 2011 kwa bei ya chini sana kwa simu janja ya wakati huo. RAM yake ilikuwa MB 256, betri ya mAh 1200. Zilizofuata, za Kichina za bei nafuu, hazikuwa tajiri zaidi. Kwenye simu ndogo namna hiyo ufagio ulikuwa na muujiza wake mdogo wa kweli: ukiondoa vilivyokuwamo, gemu iliyokuwa inaganda ilienda vizuri kwa dakika chache. Mtu aliyeliona hilo kwa macho yake hawezi kushawishiwa na mchoro wa mhandisi. Hakuona kwamba baadaye kila kitu kingine kilichelewa kufunguka, kwa sababu ucheleweshaji uligawanyika kidogokidogo siku nzima, wakati nafuu ilikuja mara moja na pongezi juu yake.

Pongezi hizo zilikuwa biashara. Cheetah Mobile, kampuni ya Beijing iliyotengeneza Clean Master, iliingia kwenye soko la hisa la New York Mei 2014. Programu ilikuwa ya bure, na bure hiyo ililipwa na matangazo yaliyotokea kila ulipomaliza kufagia. Mwaka 2012, Abhinav Pathak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue na Microsoft walipima umeme ndani ya programu za bure zilizopendwa, wakakuta kati ya asilimia 65 na 75 ya nishati ilikwenda kwenye vipande vya matangazo vya kampuni nyingine. Fikiria, basi, programu ya kuokoa betri inayoishi kwa matangazo. Novemba 2018 BuzzFeed News, kwa uchambuzi wa kampuni ya Kochava, iliandika kwamba programu kadhaa za Cheetah zilitumika kudai malipo ya udanganyifu ya matangazo. Kampuni ilikanusha. Februari 2020 Google iliziondoa programu zake kwenye duka la Play.

Ungedhani hadithi imeishia hapo. Lakini wakati huo ufagio ulikuwa umeshahama nyumba. Tecno, Infinix na itel, zote za Transsion ya Shenzhen, huja na Phone Master ikiwa imeshawekwa, na watengenezaji wengine wa China wana mifagio yao. Google nayo ilikuwa imekaza kamba kwa busara zaidi: Doze ya Android 6 mwaka 2015 huilaza simu isiyoguswa, na Android 8 ya mwaka 2017 iliwekea mipaka kazi za nyuma ya pazia. Watengenezaji wengi wakapitiliza mipaka hiyo. Mwaka 2019 watunzi wa programu ya kengele ya usingizi walichoka kulaumiwa kwa kengele zisizolia, wakaanzisha tovuti ya Don't Kill My App inayopanga kampuni kwa kadiri zinavyoua.

Sasa nirudi Mandawa, kwa mjomba wangu. Kwetu Wamwera, ambao ukoo uliandamana na mama, mjomba si mtu wa kumwambia tu kwamba anachofanya hakina maana. Ana ekari zake za ufuta. Msimu ukifika, mazao hukusanywa kwenye chama cha msingi, kisha huuzwa kwa mnada unaosimamiwa na chama kikuu cha RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Taarifa hupita kwa mbao za matangazo na kwa midomo ya watu, lakini siku hizi zaidi kwenye kundi la WhatsApp: mkutano ni lini, bei imetoka ngapi, mnakubali au mnakataa. Mjomba alikuwa anafagia simu kila anapomaliza kuitumia, kwa nidhamu ya mtu aliyewahi kulipa kibandani kila alipotaka kuchaji.

Simu yake, kama nyingi za aina yake, haikuilaza WhatsApp bali iliisimamisha kabisa. Tofauti ni kubwa. Programu iliyolala huamshwa na ujumbe unapoingia. Iliyosimamishwa kwa nguvu haiamshwi na ujumbe, inasubiri mwenye simu aifungue mwenyewe. Hivyo msimu mmoja tangazo la kikao liliwekwa asubuhi, yeye akalisoma baada ya Isha, alipofungua WhatsApp kumtumia mtu picha. Wenzake walikuwa wameshakaa na kuikubali bei. Huenda kura yake moja isingebadilisha kitu. Alichosema yeye ni kwamba kwenye kikao kile alitaka kuuliza kuhusu makato, na nafasi ya kuuliza haikurudi.

"Lakini chaji yangu inakaa, mpwa," aliniambia.

Haikuwa inakaa. Tulifungua ukurasa wa betri pamoja, na WhatsApp ilikuwa chini kabisa kwenye orodha. Juu kulikuwa na kioo, ambacho mwanga wake ulikuwa wa mwisho kwa ajili ya jua la shambani, na mtandao. Shamba lake liko bondeni, ambako mnara unashikwa kwa kubahatisha. Simu inapokuwa mbali na mnara huongeza sauti kama mtu anayeita ng'ambo ya mto: kwenye GSM ya masafa ya 900 inaweza kufika wati 2 inapotuma, na ikiukosa mnara hutafuta, hukata tamaa, hutafuta tena. Juu ya hapo betri yenyewe ilikuwa mzee wa miaka minne, iliyoshinda mchana kwenye joto la mfuko wa shati, na joto huzeesha betri za lithiamu upesi. Hakuna ufagio unaogusa hata kimoja kati ya hivyo.

Tulipunguza mwanga. Nikamwonyesha kuiweka simu kwenye hali ya ndege anaposhuka bondeni, jambo alilolipenda kwa sababu linafanya kazi palepale na lina kitufe. WhatsApp nikaitoa kwenye orodha ya zinazozuiwa, kwa kupitia kurasa nne za mipangilio ambazo sidhani aliyeziandika alimfikiria mtu wa miaka sitini anayesoma bila miwani. Baadaye simu ilijisasisha na mpangilio ukarudi ulivyokuwa. Binti yake akaurekebisha.

Ufagio ameuacha kwenye ukurasa wa kwanza. Huubonyeza Ijumaa, baada ya kuoga, kabla ya kwenda msikitini, kisha huifungua WhatsApp na kuirudisha simu mfukoni.