Siti, jina la heshima

Hapa Dirma mama mmoja aliyeleta kitambaa cha nguo ya arubaini ya bintiye aliniuliza: Siti ni jina la dini kweli?

Limetoka kwenye Kiarabu, sitti, bibi yangu, neno la kumheshimu mwanamke. Waislamu wa Malaysia na Indonesia husema Siti Khadija, Siti Aisha. Kwetu Waswahili anayekumbukwa zaidi ni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, aliyezaliwa Fumba, Unguja, takriban mwaka 1880, katika nyumba ya wafinyanzi. Jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Na utumwa wakati huo ulikuwa bado halali, sheria ya kuufuta Unguja na Pemba ilikuja 1897. Hebu fikiria kuitwa hivyo mbele za watu huku unauza vyungu! Alipohamia mjini na sauti yake kusifika, ndipo akaitwa Siti, na santuri alizorekodi Bombay mwaka 1928 zikatoka kwa jina hilo.

Wapo wanaosema kubadili jina ni kumkana mzazi. Mimi sikubali. Mtume (S.A.W.) alimbadilishia binti wa Sayyidna Umar jina la Aasiya, yaani muasi, akamwita Jamila. (Si Asiya mke wa Firauni, kwa Kiarabu herufi zake ni nyingine.) Kumkana mzazi ni kubadili ubini, na huyu alibaki binti Saad mpaka alipofariki mwaka 1950.